Rangi Mbili za Tochi Moja

Kinyonga, mtambo wa kutia tochi rangi, alikuwa na kinywa cha kioo, tumbo la maji ya chumvi, na subira ambayo fundi mwenye damu na nyama hana. Ulimwekea tochi kinywani, ukamtajia rangi uitakayo, naye akaimeza. Titani, chuma cha tochi hizo, haipakwi rangi kama ukuta. Kinyonga alipitisha umeme ndani ya maji yale, na juu ya chuma ukajengeka utando mwembamba kupita ngozi ya kitunguu mara elfu. Unene wa utando huo ndio uliolaghai macho ya watu. Volti kumi na tano zilitoa rangi ya shaba kongwe. Thelathini, buluu. Mia moja, kijani cha jani la mgomba. Nyekundu haikupatikana hata ukampigia magoti, na wapo waliopiga.

Huko Kondoa ya Chini, mji uliochimbwa mita mia nane ardhini baada ya jua kuwa kali kupita kiasi, umeme ulikwenda kwanza kwenye mitambo ya kupoza hewa. Mitaani kulikuwa na giza saa zote. Kila mtu alitembea na tochi mfukoni, na watu wakilazimika kubeba kitu kimoja maisha yao yote, huishia kukipenda kupita akili. Kuna bwana mmoja wa mtaa wa tano aliyevunja posa ya mwanawe kwa sababu binti alileta tochi ya zambarau iliyong'arishwa, na ukoo wao tangu babu ni watu wa tochi zilizofifishwa kwa mchanga.

Rangi pamoja na umaliziaji wake ndiyo iliyokuwa alama ya mtu. Wengine walitaka chuma king'arishwe, wengine kipigwe mchanga mpaka kififie, wengine kiviringishwe na kokoto kipate makovu laini. Alama mbili hazikufanana mji mzima. Kwa hiyo mashine hazikuhangaika na sura za watu, zilitazama kichwa na bomba la tochi, na kila alama zikaihesabu mtu mmoja. Jicho hilo la kutambua alama lilibuniwa na Fundi Mwantumu Dule, mwenye karakana ya Kinyonga, na kila mlango wa mji ulikuwa nalo.

"Wameingia wawili," mlango wa karakana ulisema saa nne asubuhi.

Aliyeingia ni mmoja, Mzee Hamdani, mchimbaji mstaafu. Tochi yake ilikuwa na kichwa cha buluu na bomba la dhahabu. Alikuwa amebadilishana bomba na jirani yake, mchezo wa kawaida wa wapenzi wa tochi.

"Bado hujamrudishia mwenzio bomba lake, Mzee?" Mwantumu alimuuliza.

"Nimrudishie nikose, mwanangu? Mashine ya kahawa kilabuni inanihesabu wawili. Nakunywa changu, halafu namnywea na mwenzangu."

"Na yeye?"

"Yeye ana bomba langu. Ananinywea mimi. Hakuna aliyedhulumiwa."

Mwantumu alicheka. Mji mzima uliucheka mchezo ule kwa miaka. Mzee alitaka kitako cha tochi kiwe zambarau, akabishana nusu saa kama zambarau ile ni ya bilinganya au ya mtu aliyekabwa, akaondoka ameridhika.

Aliyemfuata alikuwa Sefu Kolo, mchimbaji wa zamu ya kwanza. Aliingia kwa tochi ya kuazima, na mkono mwingine umeshika soksi nzito.

"Hujambo, Shemeji."

"Sijambo. Umepotea sana, Sefu."

Alikuwa hajakanyaga pale miezi kumi na moja, tangu mwamba wa handaki la saba uwaangukie yeye na Mbaraka Nchasi, mume wa Mwantumu. Siku hiyo alipelekwa Fuko, mashine ya uokoaji. Kazi ya Fuko ni kuchimba, kutoa watu mpaka alama zote zilizoingia handakini zionekane nje, kisha kumwaga povu la zege kabla paa halijashuka lote. Fuko alimtoa Sefu akiwa amezimia, akatangaza, "Wawili wameokolewa," akamwaga povu. Watu walipong'amua, povu lilikwisha kuwa jiwe. Ilichukua siku nne kuufikia mwili wa Mbaraka. Tume ya uchunguzi ilimfungua Fuko kipande kwa kipande, isione kosa. Siku iliyofuata ujio huu wa Sefu ndiyo Fuko angerudi kazini.

"Nataka rangi nyeusi," Sefu alisema.

Mwantumu aliweka chini kitambaa chake. Nyeusi haikutoka kwenye umeme. Ilikuwa utando wa kaboni, ukishaganda haubanduki, na hakuna jicho linaloona kilicho chini yake. Waliipenda wanaotunza tochi kabatini. Mchimbaji hakuitaka, maana tochi nyeusi ikikuponyoka shimoni, imekwenda.

"Nyeusi, wewe? Uliyekaa hapa kutwa nzima ukichagua kati ya shaba mbili ambazo hata Kinyonga hakuona tofauti?"

Sefu hakucheka. "Watu hubadilika."

"Haya, itoe."

"Mtilie hivyo hivyo."

"Kinyonga hali soksi, Shemeji."

Sefu aligeukia ukutani. Mwantumu akaiinamisha soksi juu ya kinywa cha kioo, na taa ya Kinyonga ikawaka.

"Nimepokea tochi mbili," Kinyonga alisema. "Ya Sefu Kolo. Ya Mbaraka Nchasi."

Kinywani kulikuwa na tochi moja. Kichwa chake cha shaba, kilichopigwa mchanga. Bomba lake la kijani, lililoviringishwa na kokoto, na mahali pamoja kijani kimelika, chuma kiko wazi, upana wa kidole gumba. Mwantumu alipajua mahali hapo. Mbaraka alikuwa akipasugua kila alipotafuta neno la kusema.

"Tulibadilishana asubuhi ile, ndani ya lifti," Sefu aliuambia ukuta. "Aliniambia shaba yangu ni kutu yenye cheo. Nikamwambia ichukue basi, uione. Tulicheka mpaka chini."

"Ulijua lini?"

"Nilipotoka hospitali. Mlango wa nyumbani ulitukaribisha mimi na yeye. Mke wangu akatoka mbio kuja kumlaki."



"Na mbele ya tume ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nilidhani mlango ni mlango, Fuko ni Fuko."

"Jicho ni lile lile," Mwantumu alisema. "Nililitoa kwenye milango nikamtia Fuko. Sikumfundisha kuhesabu watu, nilimfundisha kuhesabu rangi. Miaka yote Mzee Hamdani ananywa kahawa ya wawili mbele yangu, nami namcheka."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kaboni. Dakika sita tu, na tochi ingekuwa nyeusi kama makaa. Hakuna ambaye angejua aliyebadilisha bomba, wala kwamba lile jicho lilibuniwa vibaya. Wote wawili wangelala majumbani mwao.

"Ifunike, Shemeji," Sefu alisema. "Sibadilishi tena maishani."

"Na Mzee Hamdani? Nusu ya zamu ya pili wana mabomba ya wenzao. Kesho Fuko anarudi."

"Watanifunga."

"Utanikuta nimekwisha kaa kwenye benchi la washtakiwa. Jicho ni langu."

Akaitoa tochi kinywani mwa Kinyonga, akaifuta maji kwa upindo wa khanga, akampa Sefu aibebe bila soksi; ile ya kuazima ikabaki mezani. Akachukua na ya kwake, ya buluu.

"Kanyaga pakavu," alimwambia. "Njia ya kituo cha uokoaji imejaa maji."

Walitoka, Sefu mbele, yeye nyuma.

"Wametoka watatu," mlango ulisema.

Mwantumu alisimama kizingitini. Alimgusa Sefu begani, akajigusa kifuani, akahesabu kwa sauti, mmoja, wawili. Kisha akaufunga mlango kwa mkono.