Mwito Usio na Salamu

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Bi Tima binti Ridhwani alipanda kilima cha mchanga nyuma ya kijiji cha Kiwayu, kwa kuwa kule juu ndiko mtandao ulikopatikana. Siku ile alichelewa. Binti yake, Fahima, alikuwa na mimba kubwa na miguu imemvimba, na Bi Tima alikaa akimkanda mpaka jua likaanza kushuka.

Kibarazani alimkuta jirani yake, Bi Barka, aliyekuwa mkunga wa kijiji kabla ya macho kumpungua.

"Wendapi saa hizi?"

"Kilimani. Muuguzi wa Faza ataka habari za miguu."

"Miguu iko hapa, yeye yuko Faza. Ataishika vipi, kupitia kioo?"

"Wivu huo, Bi Barka. Mkweo hajakuletea simu yako."

"Na asilete! Nyumba ina mlango. Mtu hupiga hodi, akatoa salamu, ukamjua. Hicho chako hakina mlango. Yeyote huingia."

Bi Tima alicheka, akashika njia yake. Lakini njiani aliyafikiri maneno yale, maana hata yeye alikuwa hajaamua. Simu ile aliileta Fawaz, mumewe Fahima, aliyekuwa akifanya kazi hotelini huko Doha. Ubaya wake Bi Tima aliuona. Fahima alikodoa macho kwenye kioo mpaka wali ukaungua. Watu wasiojulikana walituma uongo na matusi. Mzee mmoja wa kijijini alitangazwa kuwa amekufa, naye yuko kwake anakunywa chai. Lakini kwa simu hiyo hiyo Fawaz alimwona mkewe na kucheka naye, na muuguzi Valary, msichana wa bara mwenye subira, aliuliza hali ya mgonjwa kila siku bila kuchoka. Mimba mbili za Fahima ziliharibika kabla ya hii. Kwa hiyo Bi Tima aliivumilia simu, kama mtu avumiliavyo mgeni mwenye dawa.

Alipofika juu, ujumbe wa Valary uliingia. Bi Tima aliuweka sikioni.

"Mama Fahima, akiumwa na kichwa sana, ama aone vinyota, usingoje asubuhi. Nipigie tu, mimi nitume boti."

Chini kijijini, adhana ya Magharibi ikaanza.

Watu wa visiwa vile hawaitiki ovyo jua likishazama. Ukisikia jina lako unanyamaza, unangoja salamu. Asiyekuwa mtu huweza kuiga sauti ya yeyote, lakini salamu haimtoki kinywani. Bi Tima alifundishwa hivyo utotoni, na hakuwahi kukosea.

Simu ikalia.

Kidole kilibonyeza kabla ya akili. Ndipo alipoona neno lililoandikwa juu ya kioo.

Baba.

Ilikuwa nambari ya Husni bin Abdulqadir, mumewe, aliyezama nje ya mwamba na simu yake kiunoni. Maiti yake haikupatikana. Fahima hakuwa na moyo wa kuifuta nambari ile.

Kwanza alisikia maji. Maji yanayoingia na kutoka mahali pembamba... polepole. Kisha akasikia harufu, na harufu haipiti simuni. Mwani mbichi, uliooza kidogo.

"Tima binti Ridhwani."

Ilikuwa sauti yake. Hata kile kikohozi kidogo kabla ya jina. Moyo wa Bi Tima ukavunjika, na mdomo ukafanya ulivyozoea kwa miaka yote ya ndoa.

"Labeka."

"Nani yuko nyumbani?"

"Fahima."

"Na tumboni?"

"Mtoto wa kike, Husni. Utapata mjukuu..."

"Jina lake?"

Jina la mtoto halitajwi kabla ya siku ya saba. Jina hili walilijua watatu tu: Fawaz aliyelichagua, Fahima na yeye. Lakini nani angemnyima babu jina la mjukuu wake?

"Amal," akanong'ona.

Maji yakatulia.

"Amal," ikasema sauti, kama anayeonja chakula.

Simu ikakatika. Bi Tima alikitazama kioo, ndipo akakumbuka.

Hakutoa salamu.

Alishuka akikimbia, viatu kaviacha mchangani. Bi Barka alimsikiliza, kisha akashika kichwa.

"Uliitika?"

"Niliitika."

"Na jina ukampa?"

Bi Tima alijifunika uso kwa kanga.

"Itupe baharini! Itupe sasa hivi, nami nashuhudia!"

Alikuwa ameshainuka kuitupa, Fahima alipoita kutoka chumbani. "Mama, kichwa... Mama, naona nyota." Mara mwili wake ukakakamaa, meno yakauma ulimi, na damu ikamtoka pembeni mwa mdomo.

Wanawake wale wawili walitazamana, kisha wakaitazama simu mkononi.

"Nenda," akasema Bi Barka kwa sauti ndogo. "Nenda, mimi nitamshika."

Bi Tima alipanda tena kilima, gizani, akisoma kila aya aliyoikumbuka. Alipotaka kumpigia Valary, kioo kiliwaka mbele yake.

Baba.

Akakata. Baba. Akakata. Baba. Kila alipokata, mwani ulinuka zaidi, mpaka akahisi chumvi kooni. Mwishowe alipata mwanya, na sauti ya msichana wa bara ikamjibu: "Assalaam aleikum, Mama Fahima?" Hakuwahi kusikia salamu tamu kuliko ile.

Boti ilikuja. Fahima alijifungulia Faza, akapona, na mtoto alikuwa mzima.

Bi Tima alimweleza Valary yote, akitarajia kuchekwa. Valary hakucheka.

"Namba ya marehemu huwa inapewa mtu mwingine, Mama. Na siku hizi kuna mashine za kuiga sauti. Hao ni matapeli."

"Walitaka nini? Hawakuniomba hata senti."

Valary alikuwa akikunja shuka. Aliendelea kuikunja.

Siku ya saba mtoto alipewa jina Umulkheir. Fawaz alilalamika, lakini Bi Tima hakumweleza sababu. Alitaka simu itupwe. Fahima alikataa.

"Bila hii, mama, mngenizika mimi na mwanangu. Na babake atamwona wapi?"

Basi wakakubaliana. Mchana simu itumike. Ikifika alasiri izimwe, ifungwe ndani ya kanga na kutiwa sandukuni, na ufunguo akae nao Bi Tima shingoni.

Mtoto alinawiri. Alitambaa, akasimama, akaanza kutembea akishika kuta. Kusema tu ndiko kulikochelewa. Ukimwita Umulkheir hageuki, mpaka Fahima akadhani masikio yake yana kasoro. Bi Barka alimpigia kijiko nyuma ya kichwa, akageuka upesi. "Asikia huyu," akasema. "Ni jina tu asiloitika."

Jioni moja Fahima alikuwa kisimani. Bi Tima alikuwa kwenye msala, rakaa ya mwisho ya Magharibi, mtoto akicheza chumbani karibu na sanduku. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, aliuhisi kifuani alipoinama.

Alikuwa kwenye sijida harufu ilipomfikia.

Mwani.

Mchezo wa mtoto ukanyamaza. Bi Tima alibana macho, paji la uso mkekani, akijiambia amalize sala, amalize tu. Ndipo alipoisikia, nyembamba, safi, yenye adabu, sauti ambayo nyumba ile ilikuwa imeingoja kwa hamu tangu mtoto azaliwe.

"Labeka."