Mota ya Kulia

Kaka zake walimwita Kinyaa, na jina likamganda. Utando wa maziwa ulimtia kichefuchefu. Kikombe chenye alama ya mdomo wa mtu alikiosha mara mbili kabla ya kukinywea. Hata hivyo, kila Ijumaa baada ya shule alikwenda kumsaidia shangazi yake, fundi wa pedi za gemu, vile vidhibiti vya kushika mkononi, na huko alikunja pua tangu anaingia mpaka anatoka. Pedi hushikwa na mikono mingi, na mikono mingi hainawi.

Kazi yake ilikuwa kupima mtetemo. Shangazi alimfundisha kwa pedi iliyofunguliwa.

"Kila mshikio una mota yake, na kila mota ina kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja. Mota ikizunguka, chuma kinaivuta huku na huku, ndipo pedi inatetemeka. Chuma cha kushoto ni kikubwa, kinanguruma. Cha kulia ni kidogo, kinavuma kama nyuki. Kwa hiyo shika kwa mikono miwili, fumba macho, pima moja baada ya nyingine."

Ijumaa hiyo jirani yao mshonaji alileta pedi ya binti yake. Binti huyo hakuwa akisikia tangu azaliwe, na katika gemu yake mikono ilifanya kazi ya masikio: mshikio wa kushoto ukinguruma, amegongwa, wa kulia ukivuma, adui yuko karibu.

"Kesho ana mashindano shuleni," mshonaji alisema. "Nipimieni tu, nitaipitia baadaye."

Kinyaa alifungua mfuko. Harufu ya juisi iliyochacha ikampiga usoni. Mishikio ilinata, na nyufa zake zilijaa uchafu mweusi wa jasho na makombo. Unywele mmoja ulichomoza kando ya kitufe. Mate yalimjaa mdomoni.

Alimtazama shangazi, aliyekuwa ameinamia kazi nyingine. Basi akaisukuma pedi mezani kwa penseli, akaiunganisha na kompyuta na kuwasha mota zote mbili kwa pamoja. Meza ikanguruma, skrubu zikacheza.

"Si inatetemeka?" alijiambia. Akaandika kwenye kikaratasi: *Mtetemo mzima.*

Mshonaji aliipitia, akaenda nayo. Jioni, kabla duka halijafungwa, alirudi na binti yake. Macho ya msichana yalikuwa mekundu. Alimpa shangazi pedi, akagusa mshikio wa kushoto na kuinua kidole gumba. Kisha akagusa wa kulia, akatikisa kichwa.

"Amejaribu nyumbani, adui wanamfikia kabla hajajua," alisema mama yake. "Ameniambia kwa ishara, kesho haendi."

Shangazi aliiunganisha pedi, akaishika, akafumba macho. "Ni kweli, ya kulia imekufa." Alisoma kikaratasi, akamgeukia mshonaji. "Labda ni mimi, jirani. Mwaka jana nilibadilisha mota hii, huenda niliunga waya vibaya. Nisamehe."

Kinyaa alisogea mbele.

"Shangazi, si wewe," alisema. "Mimi sikuishika. Niliipima mezani, kwa penseli. Ilikuwa... inanuka."

Mshonaji aliona haya. "Ni mdogo wake huyo. Hucheza biskuti mkononi, juisi mapajani."

Shangazi hakugomba. Alimpa Kinyaa bisibisi. "Haya, mwanangu. Fungua mwenyewe."

Ganda lilibanduka kwa mlio wa kitu kinachonata. Ndani, juisi ilikuwa imekauka kama gundi, na kwenye chuma cha mota ya kulia alikuwa amenasa mende mkavu aliyebaki nusu, miguu yake imesokotana na nywele.

"Yuuuwi!" Kinyaa alipiga kelele.

"Loo!" Shangazi aligeuza uso. "Chakula changu cha mchana kinaniaga."

Binti wa mshonaji aliinama akachungulia, akabana pua, kisha akajifanya anampaka mende kwenye mkate na kumla. Kinyaa alicheka huku anajizuia asitapike.

Alimtoa mende kwa kibano. Akasugua kwa spiriti na mswaki mkuukuu mpaka chuma kikazunguka kwa ncha ya kidole. Akafunga pedi, akaiunganisha na kompyuta, akaikumbatia kwa viganja, akafumba macho. Kushoto. Kulia. Kulia tena. Akampa mwenyewe. Msichana alisubiri kidogo, kisha akarusha ngumi hewani.

Kinyaa alipokuwa akinawa kwa sabuni hadi viwikoni, shangazi alisimama karibu naye.

"Kuona kinyaa si kosa, mwanangu. Ungeniambia, 'Shangazi, hii siiwezi,' tungeifuta kwanza kwa spiriti. Kosa ni lile neno 'mzima'. Asingeijaribu nyumbani, mtoto huyu angeliamini mpaka kesho, angeshindwa mbele ya shule nzima, asijue kwa nini. Ukiandika umepima, uwe umepima. Na usipopima, andika hivyo hivyo: sikupima. Hapo mtu atajua la kufanya."