Siti ya Kushoto

Jioni ile nilitoka na beseni kwenda kuanua nguo. Mujuni, mume wangu, alikuwa bafuni akijimwagia maji huku anaimba. Nilikuwa na dakika kumi, si zaidi.

Nguo niliziacha kwenye kamba. Nikapita nyuma ya jiko hadi lilipoegeshwa gari lake, nikafungua mlango wa kushoto taratibu, nikainama na kupeleka mkono chini ya dashibodi. Mimi nauza vipuri pale Bukoba mjini, mwaka wa kumi na mbili sasa. Boksi la fyuzi nalijua hata gizani. Nikachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, nikaificha kifuani ndani ya sidiria, nikarudi kuanua nguo.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mujuni akavaa shati jeupe, akajipulizia manukato, akaketi kwenye usukani. Stata ikazunguka. Injini haikushika. Akajaribu tena na tena mpaka betri ikachoka. Mimi nilikuwa barazani namenya ndizi, moyo wangu mweupe kabisa.

Ngoja nieleze kwa nini.

Mujuni ni mwalimu wa hesabu. Mwaka ule vanila yetu ilipouzika vizuri, alikwenda Kagoma, kule Muleba, akanunua gari la michezo kwa mjane mmoja anaitwa Gaudiosa. Gari jekundu, la zamani, lenye siti mbili tu. Taa zake hulala ndani ya boneti, ukiziwasha zinainuka kama mtu anayefumbua macho. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alikuwa na safari ya Kagoma. Mara kadi ya gari haijakamilika, mara kuna kifaa kimesahaulika stoo kwa mjane. Akirudi jioni, gari lilinukia majani. Majani mabichi yaliyokatwa, kama yale tunayotandaza sakafuni nyumba ikipokea bibi harusi. Na yeye alirudi mwepesi, anachekacheka peke yake. Miaka kumi na saba ya ndoa, mimi sikuwahi kumchekesha hivyo.

Mjane. Siti mbili. Wewe ungefikiri nini?

Basi kila Ijumaa jioni nikachomoa fyuzi, na kila Jumapili alfajiri nikairudisha. Gari likawaka, akaenda nalo misa. Mimi nilitembea kwa miguu. Sikutaka kukalia siti aliyokalia mwanamke mwingine.

Baada ya mwezi, Mujuni akamwita Riyadhi, fundi umeme wa magari kutoka Kashai, mteja wangu wa siku nyingi. Ilikuwa Jumatano, fyuzi iko mahali pake. Riyadhi akakagua vichwa vya betri, akavua na kusafisha waya unaofungwa kwenye bodi, akapima stata, rilei, swichi ya ufunguo. Kila alipowasha, gari liliwaka.

"Mwalimu, mbona gari zima?"

"Subiri Jumamosi," alisema Mujuni. "Jumamosi ndiyo halitaki."

"Gari haina kalenda, mwalimu." Riyadhi akacheka, kisha akanigeukia. "Dada Alisti, wewe vipuri ni kazi yako. Kaa hapo kushoto, unisikilizie pampu ikilia."

Sikuwa na sababu ya kukataa. Nikaketi. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Riyadhi akazungusha ufunguo.

Kimya.

Hata tiki haikusikika. Hata taa za dashibodi hazikuwaka. Akajaribu tena. Kimya.

"Shuka kidogo, dada."

Nikashuka. Likawaka mara moja, likanguruma.

"Panda."

Nilipokaa tu, likazima.

Riyadhi akakuna kichwa. Akasema labda kuna waya chini ya siti unabanwa na uzito wa mtu. Wakaleta gunia la maharage, zito kunishinda, wakaliweka pale. Likawaka. Mujuni akakaa, Riyadhi akiwa kwenye usukani. Likawaka. Wakaniambia nikae tena, polepole, nisijiegemeze...

Kimya. Na ile harufu ya majani ikanijia puani, mbichi, yenye umande.

Mujuni alikuwa amesimama kando, kiganja chake juu ya paa la gari. Akasema kwa sauti ya chini, "Usimlazimishe."

Riyadhi alidhani anayesemwa ni mimi. Mimi niliyaona macho ya mume wangu yalikokuwa. Hayakuwa kwangu.

Wakati wa kuondoka, Riyadhi akanivuta pembeni.

"Dada, gari hili lina magonjwa mawili," alinong'ona. "Wa kwanza nimeujua. Kuna mtu anachomoa fyuzi, pale pamekwaruzika." Akanitazama, nami nikatazama chini. "Wa pili siujui. Na sitaki kuujua."

Ijumaa nilichomoa fyuzi kama kawaida. Jumamosi nikamwambia Mujuni naenda kuhani msiba Ijumbi. Nilikwenda Kagoma, fyuzi iko kifuani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mwizi wa waume.

Nilimkuta uani, akikusanya kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka. Mwanamke wa miaka sitini na zaidi, miguu imevimba, kanga imepauka. Maneno yangu yote yakaniisha.

"Shikamoo, mae."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ni mke wa Mujuni. Yule mwalimu aliyenunua gari."

Mkono wake ukasimama katikati ya kahawa.

"Bado yuko hai?"

"Kwa nini asiwe hai? Si anakuja hapa kila Jumamosi?"

"Hapa? Alikuja mara moja tu, kulichukua. Sijamwona tena." Akanikaribisha kwenye kigoda, akakaa karibu yangu kabisa. "Wewe umewahi kulipanda?"

"Linakataa."

"Hata mimi. Miaka tisa, waitu. Marehemu mume wangu Kamala akiwa peke yake linawaka. Nikikaa mimi, kimya. Mafundi walikuja mpaka wakachoka." Sauti yake ikashuka. "Mwisho walimkuta kando ya ziwa, ameketi kwenye usukani. Mikanda yote miwili imefungwa. Wa kwake... na wa siti ya kushoto. Alikuwa anatabasamu. Daktari akasema ni moyo."

"Huyo mwanamke wa siti ya kushoto ni nani?"

"Kamala alilinunua Dar es Salaam likiwa na mtu wake tayari. Jina silijui. Sura siijui. Harufu ndiyo ninayoijua."

Sikuuliza harufu gani.

"Na ulijua yote haya, mae, ukamuuzia mume wangu bila kumwambia?"

Akainamisha kichwa. "Huyo wa garini alikuwa anakuja mlangoni usiku kumtafuta Kamala, naye keshazikwa. Nilitaka aende kwa mume wa mwingine."

Niliondoka bila kumuaga. Jua lilikuwa limeshazama, migomba imesimama myeusi pande zote mbili za njia. Nikafika barabarani, nikasubiri bodaboda. Hakuna aliyepita. Ndege walikuwa wamenyamaza.

Kisha nikausikia mngurumo.

Nilijua ni wa gari gani. Nikapeleka mkono kifuani. Fyuzi ilikuwepo, ina joto la mwili wangu.

Gari likatokea kwenye kona, taa zimeinuka, likitembea taratibu kama la harusi. Mujuni alikuwa ameuelekeza uso upande wa kushoto. Anaongea. Anacheka.

Siti ya kushoto ilikuwa tupu.

Lakini mkanda wake ulikuwa umevutwa, umefungwa, umetuna mbele kama uliozunguka kifua cha mtu.

Ningepaswa kukimbia. Mtu yeyote mwenye akili angekimbia. Sema niliuona uso wa mume wangu, namna ulivyong'aa, na woga wote ukanitoka. Niliona wivu. Nikaingia katikati ya barabara.

Gari likasimama.

"Alisti? Huku umefikaje?"

"Nani yuko humo?"

"Hakuna mtu."

Nikafungua mlango. Mkanda ukafunguka wenyewe, ukajirudisha polepole. Nikaketi. Siti ilikuwa na joto. Injini ikazima. Nikapapasa chini ya dashibodi, kwenye nafasi ya fyuzi ya pampu.

Palikuwa wazi. Hapana kitu.

"Washa," nikamwambia.

Akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Kimya.

"Alisti, nakuomba," alisema, na alikuwa na machozi. "Shuka tu. Utapata bodaboda."

"Sishuki."

"Shuka, mke wangu. Amekasirika."

"Sishuki!"

Tukakaa. Giza likatufunika. Harufu ya majani ikawa nzito mpaka nikaisikia ulimini. Kisha kitu cha baridi kikanigusa sikio la kushoto. Pumzi. Inaingia, inatoka. Upande ule palikuwa na kioo kilichofungwa tu.

Nilijua nikishuka nitakuwa nimemzika Mujuni. Nilijua pia kwamba siwezi kumtoa mtu nisiyemwona. Nikafumba macho, nikasema kwa sauti ndogo:

"Huyu ni mume wangu. Kama ni kukaa, basi tutakaa wote wawili."

Pumzi ikakoma.

Injini ikawaka.

Mikono ya Mujuni ilikuwa mapajani mwake, yote miwili.

Huu ni mwezi wa tano tangu usiku ule. Fyuzi niliirudisha siku ile ile, na gari halijakataa tena kuwaka, Jumamosi wala siku nyingine. Riyadhi akipita dukani kwangu huvuka upande wa pili wa barabara. Mujuni ni mzima wa afya, na simwachi aende peke yake hata mara moja. Nadhani ndiyo sababu bado ni mzima. Majirani wanatuonea gere, wanasema mwalimu na mkewe wamerudia uchumba.

Tunakwenda Muleba kila Jumamosi. Ananiongelesha njia nzima, kwa upole ambao sikuwahi kuupata nilipokuwa msichana.

Jumamosi iliyopita aligeuka upande wangu, akacheka mpaka akajifuta machozi, akanipigapiga gotini.

"Wewe nawe!" alisema. "Una maneno wewe!"

Tangu tutoke Bukoba nilikuwa sijafungua mdomo.