Jina la Susu Kasyoki kwa Kijapani

Mwaka ule wa 2000 mvua ilikosekana kabisa huko Muthetheni, na Ndinda alikuwa amesahau jinsi mtu anavyojisikia akiamka bila uchovu. Kila alfajiri alikwenda kisimani na mtungi mgongoni, akapanga foleni, akarudi kuwasha moto na kupika uji, kisha akakimbia shuleni. Jioni alirudia kazi zile zile. Mama yake, Kamene, alishona nguo katika kiwanda kimoja cha Athi River, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Nyumbani walibaki Ndinda na baba yake, Wathome, aliyekuwa fundi wa kuchonga mbao.

Wiki ile Wathome alikuwa na kazi ya jirani yao, bibi mmoja ambaye kila mtu alimwita Susu Kasyoki, yaani Nyanya Kasyoki kwa Kikamba. Kwa miaka miwili Susu alikuwa amekaa na Mwalimu Chie, dada kutoka Japani aliyefundisha sayansi katika shule ya upili. Sasa Mwalimu Chie alikuwa anarudi kwao siku ya Jumamosi. Susu alitaka kumpelekea mama yake Chie kigoda cha mti wa mukau.

"Na chini yake mwandike jina langu," Susu alikuwa amesema, "lakini kwa maandishi ambayo huyo mama anaweza kusoma."

Mwalimu Chie aliliandika jina hilo kwenye karatasi, alama nne za Kijapani, akampa Ndinda. Wathome alikuwa amevimba kifundo cha mkono. Aliweza kwa shida kukichonga kigoda chenyewe, lakini kazi ndogo ndogo ya patasi alimwachia binti yake. Ndinda alikuwa darasa la saba, na kuchonga manyoya ya ndege na masharubu ya simba alikujua vizuri.

Alhamisi jioni, alipotua mtungi na kuitoa karatasi mfukoni, aliikuta imelowa. Alama ya pili ilikuwa imetapakaa wino. Alikumbuka kwamba ilikuwa na vistari viwili vifupi na kimoja kirefu. Je, vile vifupi vilipangana juu na chini, au vilisimama pamoja kama watu wawili mlangoni? Hakukumbuka. Kwenda kwa Susu kumwuliza Mwalimu Chie ilikuwa ni kuvuka korongo na kupanda kilima, na miguu yake ilimuuma hadi magotini.

"Umechoka, mwanangu?" baba yake aliuliza.

"Hapana, Baba. Niko sawa."

Alivisimamisha vile vistari pamoja, akachonga. Mikono yake ilifanya kazi nzuri. Kila mchongo ulikuwa safi. Baba yake alikigeuza kigoda huku na huku, akatabasamu.

"Ni kama kwenye karatasi?"

"Ni hivyo hivyo," Ndinda alijibu, akaenda kukoroga sufuria.

Ijumaa, akiwa njiani kutoka shuleni, alimwambia rafiki yake Mukai jambo lililomsumbua. Mukai alicheka.

"Wacha kujisumbua! Muthetheni hii nzima, nani anajua kusoma hiyo kitu?"

Ndinda alijaribu kujituliza kwa maneno hayo. Lakini alipofika nyumbani akitokea kisimani, alimkuta Susu Kasyoki ameketi uani, vumbi limemjaa miguuni, anahema. Alikuwa amekuja mwenyewe kukiona kigoda. Alikuwa amekipakata kikiwa kimepinduliwa, na kidole chake kilikuwa kinafuata zile alama polepole, moja baada ya nyingine.

"Sikuwahi kwenda shule," Susu alisema. "Hata kwa Kikamba sijui jina langu likiandikwa linakaaje. Lakini huyo mama atasoma hapa, atasema 'Kasyoki', na atajua ni nani alimlishia mtoto wake. Si ndiyo, Ndinda?"

Ndinda aliitazama ile alama ya pili. Mtungi ulikuwa bado umemning'inia mgongoni.

"Susu," alisema, "sijui kama hilo ni jina lako."

Wathome aliinua kichwa. Ndinda alieleza yote: karatasi iliyolowa, uchovu, na kubahatisha. Aliongea akitazama chini. Susu alikiweka kigoda chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akasema tu, "Basi Chie aitwe."

Mwalimu Chie alikuja kabla jua halijatua. Aliinama, akasoma kwa sauti, "Ka... tsu... yo... ki." Akatikisa kichwa. "Ni kosa dogo sana, Ndinda. Hata watoto wetu hulifanya. Lakini sisi huandika sauti. Ukivisimamisha vistari hivi pamoja badala ya kuvipanga juu na chini, sauti inakuwa nyingine, na jina linakuwa la mtu mwingine."

"Tunaweza kulitoa?" Ndinda aliuliza.

Wathome alipima unene wa mbao kwa kidole gumba. "Unatosha. Tutapunguza kidogo." Alishika randa kwa mkono mzima, Ndinda akakamata kigoda kisiteleze, na wote wawili wakakwangua hadi jina lile likaisha. Kisha wakasugua kwa msasa mpaka pakawa laini. Mwalimu Chie aliandika upya kwa penseli, juu ya mbao yenyewe. Ndinda akanyoosha mkono kuchukua patasi.

"La," baba yake alisema. "Leo hapana. Nenda ulale. Maji ya asubuhi nitachota mimi, hata kama ni kwa mkono mmoja."

Ndinda alilala kama gogo. Jumamosi asubuhi, mwanga ulipokuwa mzuri, alichonga alama zote nne bila haraka. Susu na Mwalimu Chie walifika na mizigo tayari. Chie alikigeuza kigoda, akasoma:

"Kasyoki."

"Niko hapa!" Susu aliitika kwa nguvu, kana kwamba ameitwa kutoka mbali. Kisha machozi yakamtoka, na Chie akamkumbatia muda mrefu.

Walipoondoka, Wathome aliketi kando ya binti yake.

"Kuchoka si kosa, Ndinda," alimwambia. "Kila mtu hapa amechoka. Kosa ni kusema uko sawa wakati hauko, halafu kubahatisha kazi ya mtu aliyekuamini. Hata kama hakuna wa kuisoma hapa, wewe unajua ulichoandika. Siku nyingine ukichoka, niambie. Kazi inaweza kungoja hadi kesho."

"Nimesikia, Baba."

"Na sasa je, umechoka?"

Ndinda alifikiri kidogo kabla ya kujibu.

"Ndiyo," alisema. "Nimechoka sana."

"Basi pumzika," baba yake akasema, akainuka kwenda kuwasha moto.