Praxeda na Barua za Bahati Njema

Kila Jumamosi saa nane mchana, kazi ikiisha, wafanyakazi wa shamba la mkonge walikusanyika mbele ya ofisi. Karani Timotheo alitoka na mfuko wa barua, akasimama kwenye ngazi, akaita majina. Aliyeitwa alijibu, "Nipo," akaenda kupokea barua yake huku watu wote wakimtazama.

Tadeo alikuwa akifanya kazi kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge mpaka zikabaki nyuzi. Kwao ni Gare, milimani Usambara, na huko ndiko alikomwacha mama yake. Barua ya nyumbani ilimfikia labda mara tatu kwa mwaka. Hakujua kusoma. Miaka yote ilimbidi amwombe karani amsomee. Karani alikuwa na sauti kubwa, na kabla jua halijazama kambi nzima ilikwisha jua ni mbuzi gani wa Tadeo aliyekufa na ni shemeji gani aliyemkasirikia.

Mkewe, Praxeda, ndiye aliyeiondoa aibu hiyo. Mwalimu Zebedayo alipofungua darasa la wanawake kwenye banda la kanisa, Praxeda alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Asubuhi alianika mkonge juani, mchana alipika, alasiri alikwenda darasani na daftari lake kichwani. Baada ya miezi minane alimsomea mumewe gazeti zima wakati wa kula, habari za bei ya mahindi na za ajali za gari moshi. Tadeo aliacha kutafuna ili asipitwe na neno.

"Mama Yudith," alimwambia siku moja, "umenitoa kwenye mdomo wa Timotheo."

Yudith alikuwa binti yao, ameolewa Korogwe.

Sasa siku moja Praxeda aliona katika gazeti tangazo la duka moja la Mombasa lililouza vitu kwa njia ya posta. Duka lenyewe liliitwa Bahati Njema. Tangazo lilisema hivi: "Kata karatasi hii. Andika jina lako na majina ya rafiki zako kumi wanaojua kusoma. Utapata zawadi ya kioo, bure." Darasani, pamoja naye, walikuwa wanawake kumi na mmoja. Praxeda aliandika majina yote kumi na moja kwa mwandiko wake mzuri, bila kumwuliza mtu, akapeleka. Kioo kilikuja kweli. Kilitosha kuonyesha jicho moja.

Kisha zikaja barua.

Jumamosi ya kwanza karani aliita majina ya wanawake kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine. Haijapata kutokea siku kama hiyo pale shambani. Wanawake walipanda ngazi wamejifunga khanga safi, wakarudi na bahasha za rangi ya kaki zilizoandikwa majina yao. Walizifungua papo hapo. Ndani mlikuwa na karatasi iliyopigwa chapa: "Rafiki yetu mpenzi. Tunayo pete ya kuleta bahati. Tunayo dawa moja inayoponya kifua, tumbo, mgongo na huzuni. Peleka fedha leo."

Juma lililofuata zilikuja bahasha mbili kwa kila mmoja. Kisha nne. Nyingine zilitoka maduka ambayo hawakupata kuyasikia. Karani Timotheo akachoka kuita. Akawa anazifunga kwa kamba na kuzitupa kwenye ngazi. "Za wanawake hizo," alisema, na wanaume wakacheka.

Praxeda alizisoma zote mwanzoni. Baadaye alisoma moja katika tatu. Mwishowe zilikwenda jikoni, kwenye kikapu cha kuwashia moto.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba Praxeda alikuwa na homa, basi Tadeo akaenda peke yake ofisini. Alirudi na bahasha tano.

"Kuna ya nyumbani?" Praxeda aliuliza kitandani.

Tadeo alizitazama. Zote zilikuwa za kaki, zote zimeandikwa. "Ni zile zile," alisema, akazitia kikapuni.

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, mtu mmoja alifika na baiskeli kutoka Muheza akimwulizia Tadeo wa Gare. "Mama yako yuko kwetu tangu jana," alisema. "Mke wangu alimkuta stendi ya mabasi amekaa juu ya mzigo wake. Alisema mwanawe atakuja kumchukua. Basi la mwisho lilikwisha ondoka na hujatokea, tukamchukua sisi."

Praxeda alikwenda moja kwa moja jikoni, akakimwaga kikapu. Bahasha moja pembe yake ilikuwa imeungua. Ilikuwa barua ya katekista wa Gare, aliyemwandikia mama. Praxeda aliisoma akiwa amechutama jikoni:

"Mwanangu Praxeda, macho yangu yameingia ukungu. Nimeambiwa daktari wa macho atakuwa Tanga Ijumaa hii, naye huja mara moja tu kwa mwezi. Nitafika Muheza Alhamisi kwa basi. Mwambie Tadeo anipokee, maana sioni njia vizuri."

Ijumaa yenyewe ndiyo hiyo, na jua limekwisha panda. Basi la asubuhi la Tanga lilikwisha ondoka, na kufika huko kabla daktari hajaondoka hakukuwezekana tena.

"Ni mimi," Tadeo alisema. "Niliishika barua ya mama kwa mkono wangu, nikaitia kikapuni."

"Wewe hukujua," Praxeda alisema. "Lakini mimi ndiye niliyewaita hawa waijaze nyumba yangu karatasi mpaka ya mama ikapotea humo. Nifungie hizi nyingine ndani ya khanga. Twende."

Walitembea mwendo wa saa moja na nusu hadi Muheza. Yule mtu wa baiskeli aliitwa Mohsin, na alikuwa na duka la machungwa karibu na stendi. Mkewe, Bi Shemsa, alikuwa amemkalisha mama mkekani, amempa chai na mkate wa kumimina. Mama alipozisikia sauti zao aligeuza uso, lakini macho yake yalipita pembeni mwao.

"Shikamoo, mama," Praxeda alisema, akapiga magoti mbele yake.

"Marahaba, mwanangu. Nilisema labda mnaumwa."

"Tu wazima, mama. Barua yako ilifika. Sisi ndio hatukuifungua."

Alimweleza yote, habari za kioo, majina na bahasha, bila kujificha hata kidogo, mbele ya watu wa nyumba ngeni. Tadeo alimtazama mkewe. Yeye mwenyewe angetafuta la kusema, labda kwamba basi lilichelewa.

Bi Shemsa alisikiliza mpaka mwisho. "Basi kabla hamjaondoka," alisema, "piteni posta hapo mumwone Idarusi. Ni mtu wa kueleza, na hana majivuno."

Idarusi alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, amekaa nyuma ya dirisha la posta akigonga mihuri. Praxeda alimsalimu, akamweleza habari ya tangazo na majina ya wenzake, akaweka mbele yake bahasha nne zilizobaki, zikiwa bado zimefungwa.

"Bwana Idarusi, nataka kujua. Barua nisiyoitaka, ni lazima niipokee?"

"Si lazima, dada. Barua inapelekwa kwako, lakini kuipokea ni hiari yako. Hizi hujazifungua?"

"Bado."

"Vizuri sana. Ukiifungua umeipokea. Usipoifungua, unaandika hapa juu: 'Imekataliwa. Irudishwe kwa aliyeipeleka.' Unatia sahihi, unamrudishia karani wenu. Sisi tunairudisha kule ilikotoka."

"Na kwa stempu ya nani?"

"Stempu alikwisha ilipa yeye. Wewe hulipi."

Praxeda alifikiri kidogo. "Hii ni kuzirudisha zikija. Mimi nataka zisije."

Idarusi aliweka muhuri chini. Tadeo aliona kwamba mtu yule sasa amemtazama Praxeda vizuri.

"Basi waandikie," alisema. "Wewe uliwapa jina, na wamelitia katika daftari. Pengine wamewauzia na wenzao hilo daftari, ndiyo maana zinakuja na za maduka mengine. Waambie walifute. Andika tarehe, na nakala ubaki nayo. Wasipojibu, liandikie gazeti lililochapa tangazo, maana gazeti halipendi wasomaji wake walalamike. Na neno moja zaidi, dada. Kila mmoja akatae barua zake kwa mkono wake mwenyewe. Wewe huwezi kukataa ya mwenzio."

Walimpeleka mama kambini kwa gari la mkonge lililokuwa likirudi tupu. Jumatatu alasiri Praxeda alisimama mbele ya darasa. Tadeo alikuwa nje ya banda, amesimama dirishani, kwa kuwa alihofia wenzake wangemrukia mkewe.

"Majina yenu mimi ndiye niliyeyatoa," Praxeda alisema. "Sikuwauliza. Nilipata kioo, ninyi mkapata usumbufu. Naomba radhi."

Kisha Kristina, mke wa nyapara, akasema, "Kumbe ni wewe. Mume wangu alinuna wiki nzima. Aliuliza ni nani huyu wa Mombasa anayeniita mpenzi."

Mmoja akacheka, kisha wote. Kristina mwenyewe ndiye aliyechelewa kucheka. "Haya," alisema mwishowe, "umetuingiza. Sasa tutoe."

Siku ile Mwalimu Zebedayo aliliacha somo lake la hesabu. Wanawake kumi na mmoja waliandika barua kumi na moja. Darasa lile halikuwa limepata kuandika barua ya kweli kabla ya hapo. Ile ya Praxeda ilisema hivi:

"Kwa Mwenye Duka la Bahati Njema. Mimi niliwapelekea jina langu na majina ya wenzangu kumi. Langu lilikuwa langu kulitoa. Yao hayakuwa yangu. Nayataka yote kumi na moja. Yafuteni katika daftari lenu, na wale mliowapa muwaambie wayafute. Barua zenu zimemkalisha mama mzee stendi kutwa nzima. Kila moja itakayokuja tutaikataa. Ni mimi, Praxeda, mke wa Tadeo."

Jumamosi, Timotheo alipotupa bahasha kwenye ngazi, wanawake hawakuziondoa. Walichutama pale pale, kila mmoja na kalamu, wakaandika juu ya kila bahasha: Imekataliwa. Bahasha arobaini na nne. Waliporudisha mzigo, karani aliupokea kwa mikono miwili, na wanaume hawakucheka.

Jibu la Mombasa lilikuja baada ya wiki mbili. Lilikuwa kitabu cha picha za bidhaa, kikubwa kuliko bahasha zote zilizotangulia. Mbele waliandika: "Asante kwa barua yako, rafiki mpenzi."

Tadeo alikasirika. "Hawa hawasikii. Waache. Tutachoma."

"Tukichoma watadhani tumependa," Praxeda alisema. Alikikataa kitabu. Kisha akanakili barua yake ya kwanza, akaandika na ya pili, kwa mhariri wa gazeti, akamweleza habari yote na kumwuliza kama anajua tangazo lake linafanya nini majumbani mwa watu. Aliiandika mara tatu mpaka isiwe na kosa. Mama alikaa karibu naye akisikiliza kalamu. "Soma tena hapo pa stendi," alisema.

Mhariri aliichapa barua yote. Aliongeza maneno machache chini yake, kwamba tangazo lile halitatoka tena, na kwamba wasomaji wasitoe majina ya watu bila idhini yao. Siku kumi baadaye Bahati Njema walileta barua fupi, isiyo na picha wala "mpenzi". Majina kumi na moja yamefutwa, walisema. Maduka mengine yaliendelea kwa muda, bahasha moja moja, nazo zilikataliwa moja moja mpaka zikakoma.

Mwezi wa nane, daktari aliporudi Tanga, Tadeo aliomba ruhusa ya siku mbili, akampeleka mama huko. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, akampasua jicho la kulia. Kitambaa kilipotolewa, mama aliutazama uso wa mwanawe kwa muda mrefu. "Umezeeka," alisema. Tadeo aliyacheka maneno hayo njiani, na aliporudi kambini aliyasimulia upya kila alipopata mtu.

Baada ya mavuno ya mahindi, Jumapili moja, walikuja wanawake wawili kutoka shamba la jirani. Walikuwa wametembea tangu asubuhi. Mmoja alifungua fundo la khanga, akatoa rundo la bahasha.

"Tumesikia habari zako," alisema. "Kwetu zinakuja vile vile. Tunaomba utuandikie barua kama ile."

Tadeo alimletea mkewe meza na wino. Alidhani atakaa aandike. Praxeda aliwauliza kwanza, "Kusoma mmesoma?"

"Tumesoma kidogo. Mwandiko wetu mbaya."

"Mbaya kiasi gani? Mtu wa Mombasa akiutazama, ataweza kusoma jina lako?"

"Jina ataweza."

Basi akasogeza kiti, akamwekea yule mwanamke karatasi mbele, na kalamu akampa yeye. "Jina ni lako," alimwambia. "Lidai mwenyewe. Mimi nitakaa hapa, ukikwama niulize."

Yule mwanamke alichovya kalamu. Doa la wino likaanguka, akaendelea. Tadeo alisimama mlangoni, akamtazama mkewe alivyoinama juu ya karatasi ya mgeni akimsubiri amalize neno lake, bila kumharakisha. Mama yake akamwita kutoka uani aende kuchota maji. Alikwenda baada ya mwanamke yule kufika kwenye sahihi.