Karatasi Ndani ya Kitabu

Upepo wa mvua uling'oa turubai la binti muuza vitabu saa sita mchana, stendi ikiwa imefurika watu. Kijana mwenye ovaroli lililotobolewa na moto akaruka mtaro, akalidaka. Alikuwa mchomea vyuma wa karakana ya jirani. Wenzake walimwita Cheche.

"Shika vizuri, kaka, vitabu vitalowa!"

"Na mimi je, nilowe?"

"Wewe utakauka."

Wakacheka. Kuanzia siku hiyo ikawa simu asubuhi, simu jioni. Binti yule aliishia darasa la saba, lakini alisoma kila kitabu kilichopita mezani pake. Vitabu ndivyo vilivyomfundisha haki za mpangaji, hata akamjibu mwenye nyumba bila kutetemeka.

Mwezi wa sita wa mapenzi yao akampa Cheche kitabu. "Kifungue leo leo, mpenzi."

"Miwani nimeisahau. Nitakisoma nyumbani."

Cheche alidanganya. Hakuwa na miwani, wala hakujua kusoma. Mara mbili alikataa usimamizi wa karakana, akisingizia kwamba anapenda moto.

Ndani ya kitabu kulikuwa na karatasi: Jumamosi saa nane njoo nyumbani, mama anataka kukuona.

Jumamosi mama akavaa gauni lake la sherehe, akakaa karibu na mlango. Saa nane ikapita. "Atakuwa njiani," mama alimtetea. Saa kumi akainuka, akafunika sahani.

Siku nne binti hakupokea simu. Cheche, asiyejua kosa lake, alikosa usingizi; kazini akachomelea bawaba za mteja upande usio wake. Siku ya tano karatasi ikadondoka kitabuni. Akaikimbiza stendi.

"Hii inasemaje?"

Binti akamkazia macho. "Unanitania?"

"Sijui kusoma. Hata jina langu."

"Miezi sita, Cheche!"

"Niliogopa utaniona gogo."

"Kutojua si kosa. Mama yangu alikutetea saa mbili nzima, na wewe unaficha!"

Alilia, akamfukuza. Lakini aliposikia Cheche ameanza darasa la watu wazima, amebanana na bibi wawili dawati moja, hasira ikalegea. Cheche akaenda kumwomba mama radhi. Jioni wakawa wanasoma pamoja nyuma ya meza ya vitabu, yeye akikwama, binti akingoja amalize.

Mwaka uliofuata tajiri mwenye karakana akamwita tena kuhusu usimamizi. Safari hii Cheche alikubali. Alipewa fomu, akaijaza polepole, herufi kwa herufi, kisha akapiga simu.

"Mpenzi, hapa wanauliza kama nimeoa. Nijaze nini?"

"Unanichumbia kwa fomu?"

"Nakuuliza kwa mdomo wangu. Utanioa... yaani, nikuoe?"

Cheche akaibana simu sikioni.

"Fomu haitaki uongo," binti akasema. "Andika hapana."

Kalamu ikamponyoka.

"Cheche? Umeshaandika?"

"Bado."

"Basi tafuta penseli, mpenzi. Hapana hiyo tutaifuta karibuni."