Kamera ya Shangazi Iliyogoma Kuwaka

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitiliza hadi studioni kwa shangazi yake. Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya mdomo wake: tangu anavua viatu mlangoni mpaka anamaliza kufagia, alikuwa anasimulia. Alisimulia huku anafuta kigoda cha wateja, huku ananyoosha pazia jeupe la nyuma, huku anachomeka betri kwenye chaja. Shangazi alimsikiliza nusunusu, akiitikia kwa kuguna, maana kufikia saa hizo hata kuongea kulikuwa kazi.

Shangazi alikuwa mpiga picha, na ndiye aliyemlea Chiriku. Picha za vitambulisho, za maharusi na za wahitimu zote zilipita mikononi mwake. Lakini zilizomtoa jasho hasa ni za watoto wachanga. Mtoto hatulii; akitabasamu ni kufumba na kufumbua, kisha analia. Shangazi alichuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena, na jioni miguu ilimvimba hadi kuvua viatu ikawa taabu.

Wiki ile Chiriku alisoma kwenye kompyuta ya studio habari iliyomtia kiherehere. Kulikuwa na wapenzi wa kamera, si kampuni iliyoziunda, waliotengeneza programu ya nyongeza. Unainakili kwenye kadi ya kumbukumbu, unaichomeka kadi, na kamera ya zamani inapata uwezo ambao haikutoka nao kiwandani. Inaweza kupiga picha yenyewe kila baada ya muda, au hata pale kitu kinaposogea mbele yake. Akilini Chiriku alishamwona shangazi ameketi kitini, mtoto anacheza, kamera inajifanyia kazi.

Alimweleza kwa pupa. Shangazi, aliyekuwa anajikanda magoti, alisema wazo si baya. Ila Jumamosi kulikuwa na wahitimu wa shule nzima wa kupigwa picha, na kamera ya kazi ilikuwa hiyo hiyo moja. Wangoje siku hiyo ipite, wataitazama pamoja. Kwa sasa asiiguse.

Alhamisi alasiri shangazi alikaa kungoja wateja, kamera mapajani, usingizi ukamwiba. Kamera ikamponyoka na kutua kwenye zulia. Akaiokota haraka, akaijaribu; ikapiga picha kama kawaida. Akashusha pumzi, akaiweka mezani, akaenda kujinyoosha nyuma ya pazia.

Chiriku akaona nafasi ndiyo hiyo. Ataiweka programu upesi, na shangazi akiamka atakuta mambo tayari. Ukurasa ule ulionya kwamba kila kamera ina faili lake, na kwamba hata kamera mbili za aina moja zinaweza kuwa na matoleo tofauti ya programu ya ndani. Chiriku alilinganisha jina la kamera. Namba ya toleo aliiruka, kwa kuwa maelezo ya kuitafuta yalikuwa marefu. Akanakili faili kwenye kadi, akaichomeka, akawasha.

Taa nyekundu ikapepesa. Lenzi ikatoka nusu, ikakwama. Skrini ilibaki nyeusi. Alibonyeza kitufe cha kuzima, kisha akakibonyeza tena, kimya. Nyuma ya pazia shangazi akakohoa. Chiriku akairudisha kamera mezani, kadi ikiwa ndani, akashika ufagio.

Shangazi alipotoka na kuikuta vile, hakupiga kelele. Alibadilisha betri, akangoja, akabadilisha tena. Kila akiiwasha, inakwama pale pale. Mwishowe akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Ni lile anguko," alisema taratibu. "Nilidhani imepona. Mikono yangu imechoka, mwanangu. Labda ndiyo inaniambia niache."

Chiriku aliendelea kufagia. Shangazi alikwishapata jibu lake, tena jibu lisilomtaja yeye. Usiku ule hakusimulia chochote. Shangazi alimgusa paji la uso, akamuuliza kama ana homa. Akajibu hapana, akageukia ukutani.

Kesho yake baada ya shule waliipeleka kamera kwa fundi wa mtaa wa pili. Fundi aliuliza ilipatwa na nini. Shangazi akasema ilianguka, yeye ndiye aliyeiangusha. Kwa kuwa aliambiwa imeanguka, fundi hakutafuta kwingine. Alivaa miwani yake ya kukuzia, akaeleza kwamba kamera kuukuu ina nyaya nyembamba kama karatasi, na akiifungua haahidi kwamba itarudi kama ilivyokuwa. Shangazi akamwambia aifungue tu, maana imeshakufa. Kisha akamuuliza kama anamfahamu mpiga picha atakayeshika kazi ya kesho badala yake, na hata nyingine zitakazokuja. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetua mzigo kwa sababu umemshinda.

Fundi akaweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza.

"Fundi, usiifungue," Chiriku alisema. "Haikuharibiwa na kuanguka. Ni mimi. Niliweka programu kwenye kadi, shangazi amelala."

Bisibisi ikasimama. Shangazi alimtazama, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

Fundi aliuliza ni programu gani, ya toleo gani. Chiriku akaeleza yote, pamoja na namba aliyoiruka. Fundi akatoa betri, akatoa kadi, akachomeka kadi nyingine tupu, akawasha. Lenzi ikatoka yote, skrini ikaonyesha meza na vifaa vyake. Akasema programu za namna ile hupakiwa kutoka kwenye kadi kamera inapowashwa, ndiyo maana kutoa kadi kumetosha. Zipo nyingine zinazojiandika ndani ya kamera kabisa, na hizo ukikosea huenda usiwe na pa kurudia.

Walirudi studioni na kamera. Jumamosi walifanya kazi kutwa. Chiriku alipanga wahitimu, akashika taa, akabeba mkoba bila kuambiwa. Shangazi alisema naye ya kazi tu.

Jumapili shangazi akavuta kiti mbele ya kompyuta, akataka aonyeshwe ukurasa ule. Waliusoma wote, mstari kwa mstari, hata sehemu ndefu. Wakaipata namba ya toleo, wakachukua faili linaloendana nayo, wakaliweka kwenye kadi isiyo na picha. Kamera ikawaka. Chiriku alipopunga mkono mbele yake, ikapiga picha yenyewe. Alitamani kushangilia, lakini alimtazama shangazi kwanza.

"Kujaribu si kosa," shangazi alisema, akivua miwani na kujifuta macho yaliyochoka. "Ulivuka neno langu, ukaruka maelezo kwa uvivu. Hayo ningekugombeza, yakaisha. Lililoniuma ni kwamba nililala nikijiona sifai tena kwa kazi yangu, na wewe ulijua si kweli. Uliniachia kosa lako nikalibeba."

Chiriku akasema, kwa sauti ndogo, "Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Lakini siku nyingine ukikosea, niambie papo hapo. Ukisema mapema, tunatengeneza kamera tu. Ukichelewa, inabidi tutengeneze kamera, na mimi, na wewe."